Bi harusi, ipunguzie kasi laptopu yako kabla hujamkabidhi fundi



Leo sizungumzii hina wala nguo ya kesha. Nina neno kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunacho chumbani na hatukijali mpaka kituzimikie mkononi: laptopu. Nalisema mapema ili asiyekuwa na muda aondoke nalo. Laptopu inayopata moto, inayovuma kama jiko la mafuta ya taa na kuzimika yenyewe, usikimbilie kuipeleka kwa fundi. Kwanza ipunguzie kasi ya prosesa kwa mpangilio uliomo ndani yake. Ni kazi ya dakika kumi, haina gharama, na unaifanya mwenyewe ukiwa umekaa kitandani kwako. Na kwa mwanamke aliyehifadhi picha zake za harusi ndani ya mashine hiyo, jambo hili linagusa sitara yake.

Naandika kutoka Lugarawa, wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe. Najua wengi mlioko Unguja na Pemba hamjapasikia. Ni huku Nyanda za Juu Kusini, milima juu ya milima, baridi ya kuvaa sweta juu ya baibui. Hospitali kubwa ya hapa ni ya misheni, majirani wengi ni Wakristo, na sisi Waislamu ni wachache lakini tunaishi nao kwa wema, alhamdulillah. Kila mwaka wanakuja mabiharusi wa kwetu wakiwafuata waume zao walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara. Wanakuja na masanduku ya khanga na udi, na siku hizi wanakuja na laptopu. Mmoja anatengeneza kadi za mialiko, mwingine anasoma chuo kwa mtandao, mwingine anaweka hesabu za duka la mumewe.

Ikiharibika, fundi wa kompyuta si wa kumfuata kwa miguu. Inabidi upande gari mpaka Njombe mjini, au usogee zaidi mpaka Makambako, pale barabara kuu ya Zambia inapokutana na ile ya Songea na reli ya TAZARA inapopita. Mara nyingi huendi mwenyewe. Mashine inafungwa kwenye mfuko, anapewa kondakta, inapokelewa na mtu usiyemjua, na nenosiri limeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu yake. Dada zangu, hebu tufikirie tunachokabidhi.

Picha za harusi zetu si kama picha za mkutano. Siku ya hina umekaa na wenzako wanawake, kichwa wazi, mikono na miguu imechorwa piko. Ukumbini tunaweka mlinzi wa kike mlangoni, simu zinakusanywa, mpiga picha tunamtafuta mwanamke na tunamlipa zaidi kwa sababu hiyo tu. Kazi yote ile ya kujisitiri, kisha picha zenyewe zinahamishwa kutoka kwenye simu iliyojaa, zinawekwa kwenye laptopu, na miezi sita baadaye laptopu inakwenda kulala wiki nzima kwenye kibanda cha mwanamume ajinabi pamoja na nenosiri lake. Mlinzi wa mlangoni tulimweka wa nini?

Shoga yangu mmoja yalimfika. Laptopu yake ilikuwa inazimika kila baada ya dakika ishirini. Akaituma kwa fundi mjini. Ikarudi imewekewa Windows mpya, mafaili yote ya zamani hayapo, na fundi akasema alilazimika. Picha za harusi zikapotea. Mpaka leo hajui kama zilifutwa kweli au kuna mtu alizinakili kwanza. Hana ushahidi wa kumtuhumu yule kijana, na huenda ni mtu mwaminifu kabisa. Lakini usingizi wake haujatulia. Na mashine? Ilipofika nyumbani ikaendelea kuzimika vilevile, kwa sababu joto halikuwa limeshughulikiwa.

Sasa tuelewe joto hilo linatoka wapi.

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote ndani ya laptopu. Kasi yake hupimwa kwa gigahezi. Haiendi kwa mwendo mmoja: ukisoma barua inatembea, ukifungua video na kurasa ishirini za mtandao inakimbia. Kampuni ya Intel ilianza kuweka uwezo huu wa kubadilisha mwendo kwenye prosesa zake za laptopu mwaka 2000. Mwaka 2008 ikaongeza jambo jingine: prosesa kujirusha yenyewe juu ya kasi yake ya kawaida kwa muda mfupi pale kazi inapokuwa nzito. Kampuni ya AMD nayo ina ya kwake ya namna hiyo. Mashine mpya ikiwa dukani inapendeza sana kwa kasi hiyo. Ikishakula vumbi miaka mitatu, mruko huohuo ndio unaoichemsha.

Na joto halipandi sawasawa na kasi. Prosesa ikitaka kukimbia zaidi, hudai pia msukumo mkubwa zaidi wa umeme, na matumizi ya umeme hupanda kwa mraba wa msukumo huo. Chukua mfano: punguza kasi kwa asilimia 10, na msukumo nao ushuke kwa asilimia 10. Hesabu inakupa sifuri nukta tisa mara tatu kwa yenyewe, yaani takriban asilimia 73 ya umeme uliokuwa ukitumika. Umetoa sehemu moja ya kumi ya mwendo, umeokoa zaidi ya robo ya joto. Mpishi wa wali wa nazi ananielewa hapa. Moto mkali hauivishi wali mapema. Unaunguza chini na juu unabaki mbichi. Unapunguza makaa, unapalia, unasubiri.

Prosesa nyingi za laptopu za Intel zimewekewa mpaka wa digrii zipatazo 100. Zikikaribia hapo hujipunguza zenyewe ghafla, ndipo unaona mashine inakwama kama imeshikwa na kwikwi. Zisipopoa, huzima ili zisiungue. Na zinapoa kwa hewa ya chumba kilichopo. Mchana wa Februari, chumba cha Unguja kinaweza kufika digrii 32. Njombe usiku wa Julai hushuka chini ya digrii 10. Kwa hiyo yuko bi harusi ambaye laptopu yake haina tatizo lolote Lugarawa, akienda kwao kula Idi inamzimikia siku ya pili, na anadhani watoto wa dada yake wameiangusha. Mashine ni ileile. Hewa inayoipoza ndiyo iliyobadilika.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Shika mashine yako twende pamoja.

Kwanza ujue nani anayekimbiza prosesa. Kwenye Windows bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Itafunguka orodha ya programu zinazofanya kazi, na mbele ya kila moja utaona asilimia ya prosesa inayotumia. Ukikuta programu usiyoitumia inakula asilimia 40, ifunge. Wakati mwingine dawa inaishia hapo. Ukurasa mmoja wa mtandao wenye matangazo yanayochezacheza unatosha kuipandisha homa laptopu nzima.

Pili, weka hali ya kuokoa umeme. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya umeme na betri, uchague hali ya matumizi madogo badala ya ile ya utendaji mkubwa. Kwa wengi hili linatosha.

Tatu, ikiwa bado inachemka, weka kikomo. Kwenye Windows ingia "Control Panel", kisha "Power Options", kisha mipangilio ya ndani ya mpango unaoutumia. Tafuta sehemu ya prosesa, utaona maneno "Maximum processor state", yaani kikomo cha juu cha kasi. Kuna nafasi mbili, moja ya unapotumia betri na moja ya unapochomeka chaji. Zote zitakuwa na 100. Andika 99. Usicheke. Kwenye mashine nyingi, hiyo asilimia moja ndiyo inayozuia ule mruko wa juu ya kasi ya kawaida, na joto linashuka kwa kiasi cha kusikika: feni inanyamaza. Ikiwa haitoshi, shuka mpaka 90 au 80. Baadhi ya mashine mpya zimeificha sehemu hii. Basi baki na ile hatua ya pili.

Mwenye laptopu ya Apple ya kuanzia mwaka 2016, ukiwa na mfumo uliotoka mwaka 2021 au wa baada yake, utakuta kwenye mipangilio ya betri hali ya matumizi madogo ya umeme. Iwashe, basi. Mwenye Linux naye anayo hali ya kuokoa umeme palepale penye alama ya betri.

Hakuna skrubu uliyofungua, hakuna faili ulilofuta. Ukijuta, unarudisha 100 na kila kitu kinakuwa kama zamani. Ndiyo maana nasema ni kazi ya kujaribu kabla ya fundi: haina hasara.

Najua maneno yatakayokuja. La kwanza: "Mimi laptopu nimeinunua kwa sababu ina kasi, leo uniambie niipunguze?" Nakubali kwamba kuna kazi utaiona imechelewa. Anayekata video za harusi atasubiri zaidi. Basi siku ya kazi hiyo rudisha 100, chomeka chaji, weka mashine juu ya meza penye hewa, ukimaliza shusha. Lakini kuandika, kusoma, kupanga hesabu, kutengeneza kadi, kuangalia darsa, yote hayo hayahitaji mruko. Na mashine inayojikwamisha kwa joto kila dakika tano inakuchelewesha zaidi ya ile inayokwenda mwendo mmoja. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na hawakuwa wameona laptopu.

La pili: "Haya mambo ya kiume, mwachie mume wangu." Mume akijua, alhamdulillah, na msaidiane. Lakini mali ya mwanamke katika dini yetu ni mali yake, na anayemiliki kitu anatakiwa ajue kukitunza. Tunajua kuua kutu kwenye cherehani, tunajua kubadilisha mtungi wa gesi, tunajua simu zetu kuliko wauzaji. Kubadilisha namba 100 kuwa 99 hakuwezi kutushinda. Isitoshe, mume naye asipojua, mashine itakwenda palepale kwa ajinabi.

La tatu linatoka kwa wanaotaka kinyume: laptopu ya mtumba imekuwa nzito, wanatafuta programu ya kuiongezea kasi. Hapa nawakataza kabisa, kwa mapenzi. Prosesa nyingi za laptopu zimefungwa na kiwanda zisipande zaidi ya kiwango chake. Programu nyingi za bure zinazoahidi kasi maradufu hazina la kukupa, na nyingine ni milango ya wezi: unaziruhusu wewe mwenyewe, kisha zinasoma mafaili yako. Umejificha kwa fundi wa Makambako, umemfungulia mgeni usiyemjua hata nchi yake. Ukitaka wepesi wa kweli, ondoa programu zinazojiwasha zenyewe, acha nafasi kwenye diski, na kama fedha ipo ongeza kumbukumbu au weka diski ya kisasa isiyozunguka.

Na kuna wajuzi wa mtandaoni watakaokushauri kupunguza msukumo wa umeme wa prosesa kwa programu maalumu. Iacheni. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vya Birmingham, Leuven na Graz walitangaza kwamba mlango huohuo wa kubadilishia msukumo unaweza kutumiwa kuilazimisha prosesa ikosee hesabu na kutoa siri inazozilinda. Intel ikatoa masahihisho, na laptopu nyingi zikafungiwa mlango huo. Kikomo cha kasi nilichokueleza ni kitu kingine. Hicho kimo ndani ya mfumo wenyewe na kiliwekwa kwa ajili yako.

Faida nyingine ni ya umeme. Wilaya yetu hii wapo wanaotumia umeme wa jua, na kule Mawengi wananchi wana mtambo wao wa umeme wa maji, LUMAMA. Anayeishi kwa betri ya sola anajua thamani ya kila wati usiku wa mawingu. Laptopu iliyopunguziwa kasi inakaa muda mrefu kwa chaji moja, na betri isiyochemshwa inadumu miaka zaidi. Tumekatazwa israfu katika maji hata ya udhu. Sioni kwa nini umeme uwe halali kumwagwa.

Sisemi fundi hana kazi. Ikiwa umeshusha kasi na bado inazimika, basi feni imekufa, au vumbi limeziba, au ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka. Hayo yanataka bisibisi na mkono unaojua. Na betri ikivimba mpaka laptopu ikainuka, izime, usiichaji tena, iondoe hata leo. Kabla ya hapo lakini hakikisha huilazi juu ya godoro, mto au mkeka wa manyoya. Matundu ya hewa yako chini. Ukiyaziba kwa shuka, hata 50 haitakusaidia.

Na ikibidi kwenda kwa fundi, nenda kwa adabu ya mwenye siri. Hamisha picha zote kwenye diski ya nje, kisha ziondoe kwenye mashine, pamoja na zilizobaki kwenye kapu la taka. Kumbuka kwamba kilichofutwa kinaweza kufufuliwa na mjuzi, kwa hiyo kama ni matengenezo ya feni, mwombe aitoe diski ya ndani mbele yako ubaki nayo; kusafisha feni hakuhitaji picha zako. Usitoe nenosiri, fungua akaunti tupu ya fundi. Kaa palepale mpaka amalize, au mtume mahram wako akae. Kondakta hawezi kukulindia amana usiyomwambia ni amana.

Tunazo sheria, nazo nawatajia mjue haki zenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Anayeingia kwenye kompyuta yako bila idhini au kusambaza yaliyo yako anaweza kushitakiwa. Lakini kesi ya picha inafunguliwa baada ya picha kuonekana, na hakuna hakimu anayeweza kuifuta kwenye macho ya walioiona.

Kwa hiyo nina ombi kwa masomo na makungwi wetu. Mnamfundisha bi harusi kusinga, kufukiza udi, kupika, kuzungumza na mumewe na kuzificha siri za nyumba yake. Allah awalipe. Ongezeni somo moja jioni moja: jinsi ya kuitunza mashine iliyobeba siri hizo. Muonyesheni pa kuweka 99, pa kuhamishia picha, na mtu wa kumwamini ikiharibika. Asiyejua miongoni mwenu amwombe binti wa chuo amsaidie. Elimu haina aibu.

Na wewe unayesoma hapa usiku huu, feni ikivuma pembeni, usingoje mpaka Jumamosi ya gari la Njombe. Fungua mipangilio sasa, badilisha namba, isikilize ikinyamaza. Kisha niandikieni mnieleze imekuwaje, hasa nyie wa Unguja mlio kwenye joto.

Wabillahi tawfiq.